Doa la Kisigino

…"Amesemaje?" Mukashema anauliza, shavu lake limelala juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, hamwoni daktari wala hamwoni Zuena, anauona ukuta tu na bango la chanjo lililochanika pembeni, "Amesemaje huyo mama?" anauliza tena kwa Kinyarwanda, na Zuena amekishika kifundo cha mguu wake, chembamba, kikavu, kizito kuliko kinavyoonekana, anataka kujibu na ulimi hauinuki, kwa sababu alichosema daktari amekisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, makusudi, ili mwenye mguu, ambaye hata Kiswahili hukidaka nusunusu, asikidake, kisha akaongeza, "Mwambie taratibu, nesi, kwa lugha yake," akarudi kukiinamia kisigino na kile kifaa chake kama tochi, chenye kioo mbele na taa ndani, na sasa neno lote limebaki kwa Zuena… taratibu, mwambie taratibu, kana kwamba kuna namna ya kulisema taratibu, kana kwamba neno baya ukilitamka polepole linapungua ubaya, na huko nje Polikarpi wa mapokezi anaita majina, mmoja anaitika, mwingine anakohoa, foleni ni ndefu, imepita mti wa kwanza wa kahawa, watu wametoka Igurwa, wametoka hata ng'ambo ya Kyerwa, kwa sababu Daktari Mwanahalima wa ngozi huja mara moja tu kwa mwaka, huja na dawa za wagonjwa wa ukoma, anakaa siku tatu na kuondoka, na mwaka huu ndio amekuja na kioo hiki, akawaambia manesi asubuhi kwamba hiki kinaona chini ya ngozi bila kuchana, bila damu, bila hata kuchoma sindano, tone la mafuta tu na jicho la mtu, na manesi wakacheka, wakapokezana kuangalia viganja vyao, Zuena naye aliangalia cha kwake, akacheka kama wenzake, saa mbili tu zilizopita, alikuwa mtu anayecheka.

"Zuena?" anasema Mukashema, na Zuena anasema, "Ndiyo mama, ngoja kidogo, bado anaangalia," na huo si uongo, daktari kweli bado anaangalia, anasogeza kioo upana wa ukucha, anasimama, anasogeza tena, lakini pia si ukweli, maana daktari ameshaona, na Zuena ameshaona, aliitwa aone, "Njoo uangalie mwenyewe, usije ukatafsiri kitu usichokijua," akainama, akafumba jicho moja, na mwanzoni hakuona kitu ila mwanga na mafuta, kisha ngozi ikafunguka mbele yake kama shamba linavyoonekana ukiwa juu ya mlima, mistari na mistari, na daktari akamwelekeza kwa sauti ile ile ya chini, unyayo wa mtu ni kama shamba la viazi, nesi, una matuta na una mifereji, weusi ukituama mferejini mara nyingi ni doa la kawaida, mtu atazeeka nalo na kuzikwa nalo, lakini ukikaa juu ya matuta, hapo uwe macho, na kweli, weusi ulikuwa juu ya matuta, mapana, meusi ti, mengine ya rangi ya majivu, na katikati ya kila tuta vitundu vyeupe vya jasho vimejipanga kama mashimo ya mbegu, na mifereji ilikuwa myeupe, safi, haina kitu… pazuri, ndivyo alivyowaza, Mungu amsamehe, kwa nukta moja aliona ni pazuri, kisha akaelewa anachokitazama, akakumbuka ni kisigino cha nani.

Kisigino cha mtu aliyembeba. Maana mama yake mzazi aliugua kifua Zuena akiwa hajafikisha hata miezi sita, akapelekwa Bukoba, akalazwa mwaka mzima na zaidi, na baba, mzee Hatibu, mwuza chumvi na kanga pale Kayanga, mjukuu wa mtu aliyetoka Bagamoyo na kuselelea huku, hakujua hata mtoto anashikwaje, na siku hizo Mukashema alikuwa msichana tu, ameingia nchini na watu waliokimbia fujo za kwao miaka ile ya mwanzo ya sitini, anapalilia kibanja cha migomba nyuma ya duka ili apate ndizi za kula, akamsikia mtoto analia, akaacha jembe, akaingia bila kubisha hodi, akamfunga mgongoni kwa ile mbeleko ya ngozi ya kwao, akarudi kupalilia, baba alisimulia hivyo mpaka siku anakufa, hakuomba kazi, alisema, alikuchukua tu… na lugha ya kwanza Zuena kuisikia haikuwa Kiswahili wala Kinyambo, ilikuwa hiki Kinyarwanda cha mgongoni, kilichopitia kwenye mifupa ya mtu anayeinama na kuinuka, na ndicho anachotakiwa kukitumia sasa hivi kumwambia, mama, ni saratani, na hata hajui neno la saratani katika lugha hiyo, kila neno analolijua kwa Kinyarwanda ni neno la mtoto, lala, kula, usilie, njoo, maziwa, ataanzia wapi.

Ataanza hivi, daktari ameona doa halijakaa vizuri. Hapana. Ataanza hivi, mama, kioo kimeona, na kinataka uhakika, na uhakika ni kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara… kukatwa, na hapo ndipo mlango utafungwa, kwa sababu Zuena alimwahidi, juzi tu, wamekaa mlangoni kwake wanamenya ndizi, alimwahidi, hakuna wembe mama, ni kioo, wanaangalia tu, na Mukashema akamwuliza mara tatu, hakuna wembe, hakuna kabisa, kwa sababu kaka yake, Hategekimana, alikuwa na uvimbe mguuni, akaja mganga mmoja na wembe wake na majivu yake, akaukata wakiwa wamemshikilia watu wanne, Mukashema mmojawapo, alishika mguu kama Zuena anavyoushika huu, na damu ilikataa kusimama, ililowesha majani ya migomba yaliyotandikwa chini, mpaka jioni ikasimama yenyewe kwa kuwa haikubaki ya kutoka, tangu siku hiyo yule mama hakati hata kucha kwa wembe, na sasa daktari anasema Alhamisi gari lake linakwenda Mwanza, kuna nafasi ya mtu mmoja na msindikizaji, kwamba amepapasa kinena na hakugusa tezi yoyote iliyovimba, hiyo ni bahati, nesi, bado ipo, lakini si bahati ya kuchezea, watakata kipande wahakikishe, kioo kinaonyesha, hakihukumu, wakithibitisha wataondoa nyama ya kisigino, pengine na zaidi, waweke ngozi ya pajani, atatembelea fimbo lakini atatembea, akikaa mwaka mwingine, akasema daktari, hakumalizia, alitikisa kichwa tu akafuta mafuta kwa pamba.

"Nesi," anasema Daktari Mwanahalima sasa, kwa Kiswahili chake laini cha Tanga, bila kuinua kichwa, "umeshamwambia?" na Zuena anasema, "Bado, daktari, natafuta maneno," na daktari anasema, "Tafuta, mwanangu, ila usitafute mpaka jua lizame," si kwa ukali, na anavuta ile kadi ya mgonjwa karibu, anaongeza kitu kwa kalamu, na Zuena anaiona kadi, anaiona kichwa chini miguu juu lakini anaisoma, ule mstari wa pili ulioandikwa mwanzoni kabisa, doa miaka miwili, mgonjwa alichelewa kuja… alichelewa kuja, ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeandikisha hivyo ni nani kama si Zuena, kwa sababu daktari aliuliza, doa lina muda gani, na Mukashema akajibu kwa sauti ya kawaida, tena kwa fahari kidogo, lilitokea mwaka ule wakimbizi walipofurika, siku hiyo hiyo nilipoliona nilimwonyesha mwanangu huyu, akaliangalia, akaniambia si kitu, na Zuena akamgeukia daktari na kutafsiri, anasema miaka miwili. Basi. Miaka miwili. Maneno yote yale, na yaliyofika upande wa pili ni mawili tu, kama mtu aliyetumwa na debe la maharage akafikisha kiganja, na hakupanga, wallahi hakupanga, mdomo ulijifunga wenyewe.

Mwaka ule, tisini na nne… nani atamlaumu kwa mwaka ule, watu waliingia kama nzige, usiku na mchana, mahema ya plastiki ya bluu yalifunika vilima, na Zuena aliazimwa na kituo akafanye kazi kambini, watoto walikuwa wanaharisha damu, siku moja aliwafunika kumi na mmoja kabla ya chakula cha mchana, hakula, alfajiri inayofuata gari likamchukua njia panda, Desderius dereva hakuwa mtu wa kungoja, na pale njia panda ya Ndama akatokea Mukashema na mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akalisimamisha gari kwa mkono, salamu zikapita, hujambo mwanangu, shikamoo mama, akashika mlango wa gari, akainua mguu, akaugeuza kama farasi anavyogeuziwa kwato, angalia hiki kidude kimenitokea, si mwiba, sikumbuki kuchomwa, na Zuena akaangalia kutoka juu ya kiti, dirishani, mwanga wenyewe haujakaa sawa, vumbi kwenye unyayo, aliona weusi wa ukubwa wa punje ya mtama, au hakuona hata huo, hana hakika, gari linanguruma, Desderius amekwishapiga honi, akasema, mama, hiyo ni alama ya mwiba tu, paka mafuta, itatoka, na gari likaondoka, na kwenye kioo cha pembeni alimwona yule mama anajitwisha mkungu, ameridhika kabisa, kama mtu aliyepewa dawa. Hakushuka. Hatua mbili tu, mlango, ngazi, chini. Baba alikuwa na msemo wa kuwatania wateja waliokuja peku, mdharau mwiba mguu huota tende, na siku hiyo aliyedharau si mwenye mguu.

Na baadaye je, maana mwaka ule uliisha, watoto waliacha kufa kumi na mmoja kwa siku, alirudi kituoni, alipita nyumbani kwa Mukashema Idi zote mbili na Krismasi, alikula viazi vyake, alikunywa togwa yake, hata mara moja hakuuliza, mama, kile kidude cha mguuni kiliishia wapi, hata mara moja, na kile kidude kilikuwa chini ya meza muda wote huo, kinapanda tuta moja hadi jingine… mpaka Laurensia, jirani wa Mukashema, alipomfuata Zuena kituoni wiki mbili zilizopita, akamwambia bila kuzunguka, mama yako anakanyagia ncha ya mguu, kandambili imejaa damu, nimemwambia tangu mwaka jana nenda hospitali, anajibu nini, anajibu Zuena wangu ameshakitazama. Zuena wangu ameshakitazama. Mwaka mzima watu wanamwambia nenda, naye anawajibu hivyo, anawafunga mdomo kwa jina hilo, amelitandika neno lile la dirishani chini ya mguu wake na kulikanyaga miaka miwili.

"Mbona umenyamaza?" anasema Mukashema ukutani, "Mkono wako umekuwa wa baridi," na Zuena anaulegeza mkono, anakishika tena kifundo, anasema, "Nipo, mama," na moyo unaanza kumshauri, moyo ni fundi, unasema, mwambie ubaya wa doa, mwambie safari ya Mwanza, lakini hilo la gari na njia panda la nini sasa, litamponya? Tena litamharibia, fikiri kama nesi, usifikiri kama mwenye dhambi, huyu mama haamini wembe, hamwamini daktari, haijui Mwanza, anakuamini wewe peke yako, hicho ndicho kikamba pekee ulicho nacho cha kumvutia upande wa uhai, ukikikata kwa mkono wako mwenyewe, ukamwambia neno langu la kwanza lilikuwa la uongo, kwa nini alishike la pili, atavaa kandambili yake, atakwenda nyumbani kufa, na wewe utakuwa umetua mzigo wako juu ya kaburi lake… na ni kweli, ndilo linalomtisha, lina kila alama ya ukweli, anaweza kumwambia sasa hivi kwa kile Kinyarwanda cha mbeleko, mama, mimi Zuena wako nakuambia, nenda, na Mukashema atakwenda, ataamka, atafunga kitenge, atapanda gari, hatauliza hata wembe wenyewe una urefu gani.

Atakwenda kama alivyokaa. Hapo ndipo Zuena anasita, anaangalia ule unyayo unaong'aa mafuta chini ya taa ya daktari, atakwenda kwa sababu ile ile iliyomfanya akae, kwa sababu Zuena kasema, mara ya kwanza Zuena kasema akautoa mguu wake bila kujua kwamba aliyesema hakushuka garini, na sasa autoe tena bila kujua, alale juu ya meza ya watu wasiojua hata jina la kwao, wamkate nyama, akiwa anategemea neno ambalo yeye hajui lina ufa wapi, hapana, jembe likiwa na ufa unamwambia mwenye kulima kabla hajaliinua, hata kama atalitupa, hata kama ni jembe pekee lililobaki nyumbani, mguu ni wake, si wa Zuena, na hofu ya wembe ni yake, aliishika kwa mikono yake kwenye majani ya migomba, ana haki ya kujua anayemwambia usiogope ni mtu wa namna gani… na akikataa? Akikataa, basi Zuena atakaa mlangoni kwake amenye ndizi naye leo, kesho, mpaka Alhamisi alfajiri, atamsihi, ataleta kila mtu, lakini hatamwongoza tena gizani kwa kumshika mkono, na anashangaa, woga haujatoka, upo, ila umebadilika sura, kwanza alikuwa anaogopa kujulikana, sasa anamwogopea yule mama, na woga huu wa pili unaachia ulimi.

"Daktari," anasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "huo mstari wa pili kwenye kadi si kweli, hakuchelewa, alikuja kwangu siku ile ile alipoliona, mimi ndiye niliyemwambia si kitu, na leo alikuambia hivyo, mimi sikukutafsiria," na Daktari Mwanahalima anainua kichwa kwa mara ya kwanza, mafuta yanang'aa kwenye kidole chake, anamtazama Zuena, anachukua kalamu, anakata mstari, anaandika juu yake, kalamu inakwaruza, na Zuena anainama mpaka paji la uso linakaribia kitanda, upande wa uso wa Mukashema, mkono mmoja ukiwa bado kifundoni, na anasema kwa Kinyarwanda, kwa maneno yake machache ya kitoto, hana mengine, "Mama, ni kibaya. Nimekiona kwa jicho langu, kimepanda juu ya matuta ya unyayo, hakikutuama mferejini. Siku ile njia panda sikukiona. Nilikaa ndani ya gari, sikushuka, nikakuambia si kitu. Nilikudanganya, mama. Na juzi nilikuambia hakuna wembe. Kioo hakina wembe, lakini baada ya kioo upo, Mwanza, Alhamisi, watakulaza usingizi kwanza, hutausikia, na watafunga damu, hawatakufanya kama Hategekimana. Mimi nasema uende. Lakini usiende kwa kuwa nimesema mimi."

Huko nje Polikarpi ameita jina lingine na hakuna aliyeitika, anaita tena. Jicho moja la Mukashema, lile linaloonekana, linafumba, linafumbuka, linautazama ukuta, na mguu umekakamaa mkononi mwa Zuena kama mguu wa mtu anayetaka kuinuka, mishipa imesimama, anauvuta, anauvuta kweli, na Zuena hamzuii, anafungua vidole mguu utoke, na mguu hautoki, umefika nusu ya kiganja ukasimama, pumzi inaingia ndefu, inatoka ndefu, kitenge kinaloa kidogo chini ya shavu.

"Hukushuka," anasema hatimaye.

"Sikushuka, mama."

"Miaka miwili ninawaambia watu." Anajifuta shavu kwa kitenge. "Laurensia yuko wapi?"

"Yuko nje, chini ya dirisha, anakungoja."

"Aje. Hicho kioo naye achungulie. Laurensia analima viazi, anajua tuta na anajua mfereji, na hanipendi kiasi cha kunificha." Na neno hilo linamwingia Zuena pale linapostahili kuingia, hajitetei, anataka kunyanyuka aende mlangoni, lakini mguu unarudi wenyewe, unakaa wote kiganjani mwake, kwa uzito wake wote, na Mukashema anasema, "Wewe usitoke. Mwite ukiwa hapo hapo," na daktari anaongeza tone jingine la mafuta kisiginoni, anangoja, na Zuena, bila kuuachia mguu, anageuza shingo kuelekea dirishani na kuita.